Daftari la Vibarua Lisomwe Hadharani

Wahenga wetu wametuachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni neno la kweli, na kila mwenye duka na kila mweka hazina wa chama cha kina mama analijua. Lakini iko hasara nyingine ambayo methali hii haikuitaja waziwazi, nayo ni ya mali yenye daftari. Daftari limeandikwa kwa mwandiko mzuri, likapigwa muhuri na kutiwa sahihi, na mali ikapotea vilevile. Hilo hutokea pale daftari linapofungiwa kabatini, na ufunguo ukawa mkononi mwa yule yule anayeichukua mali.

Wasomaji wetu watukufu, kina mama na kina baba, makala haya yanahusu fedha ambazo serikali huzitenga ili maskini wa vijijini wapate kazi ya kulipwa katika miezi ya dhiki: kuchimba mitaro, kufukua mabwawa yaliyojaa mchanga, kutengeneza njia za udongo, kupanda miti. Hakuna fedha rahisi kuibwa kuliko hizi. Anayestahiki kuzipokea hana wakili, aghalabu hakusoma, na anamwogopa nyapara kwa sababu ndiye atakayemwandika au kumwacha kesho. Mkaguzi atokaye mjini naye huja mara moja, hufungua mafaili, huona hesabu zimelingana na sahihi zimetimia, kisha hurudi zake. Amekagua karatasi, hakukagua bwawa.

Basi ni nani awezaye kuulinda ujira wa mnyonge? Katika nchi ya India swali hili lilijibiwa na vibarua wenyewe. Kisa chao kina mafunzo makubwa kwetu tuliopo Pwani, nacho chafaa kuelezwa tangu mwanzo wake.

Kipimo kilichofichwa

Jimbo la Rajasthan, lililo kaskazini-magharibi mwa India, ni nchi kavu. Ukame hurudi mara kwa mara, na desturi ya serikali ni kufungua kazi za umma ili watu wapate posho la kuwavusha. Mwaka 1983 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilitoa hukumu kwamba hata katika kazi hizo za ukame si halali kumlipa mtu chini ya kima cha chini cha mshahara, kwa kuwa kufanya hivyo ni sawa na kumtumikisha kwa nguvu. Hukumu ilikuwa nzuri, lakini vijijini malipo yalibaki ni yale yale.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 bibi mmoja aitwaye Aruna Roy, aliyekuwa ameacha kazi yake ya heshima katika utumishi wa serikali tangu 1975, alihamia katika kijiji kidogo cha Devdungri pamoja na wenzake Nikhil Dey na Shankar Singh. Waliishi kama waishivyo wanakijiji. Tarehe 1 Mei 1990 wao pamoja na wakulima na vibarua wa sehemu ile waliunda chama kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani umoja wa nguvu za wafanyakazi na wakulima.

Dai lao la kwanza lilikuwa dogo: tulipwe kima kilichowekwa na sheria. Jibu walilopewa lilikuwa kwamba hamkufanya kazi ya kutosha, ndivyo vipimo vinavyosema. Wakauliza, viko wapi hivyo vipimo? Wakaambiwa vimo katika daftari la serikali, na daftari la serikali ni siri. Sheria iliyotajwa kuwazuia ilikuwa ya mwaka 1923, iliyotungwa na Waingereza wakati wa ukoloni ili kuwalinda na wapelelezi. Tazameni ajabu hii: mwanamke aliyebeba udongo kichwani tangu alfajiri anakatazwa kujua ameandikiwa karai ngapi, kana kwamba ni jasusi wa nchi ya kigeni.

Hapo ndipo walipofahamu kwamba ugomvi wao haukuwa juu ya ujira peke yake. Ulikuwa juu ya daftari.

Siku majina yaliposomwa

Tarehe 2 Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, wilaya ya Pali, chama kile kiliitisha baraza la wazi. Kilikuwa kimepata nakala za baadhi ya kumbukumbu za kazi za umma. Watu wakakusanyika, na yaliyoandikwa yakasomwa kwa sauti, jina baada ya jina na siku baada ya siku, mbele ya wale wale walioandikwa. Walialikwa pia maafisa na viongozi wa kijiji, ili mwenye kutajwa apate nafasi ya kujibu.

Kusoma tu kulitosha kufichua mengi. Mtu akasikia jina lake limelipwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Yakasomwa majina ya waliokwisha kuhama, na ya waliokwisha kufa. Likatajwa jengo lililoandikwa kuwa limekamilika, na wanakijiji wakijua fika kuwa halijakamilika. Hayo yote yasingeonekana na mkaguzi wa mjini, kwa kuwa katika karatasi marehemu na aliye hai hufanana. Ni jirani tu ajuaye nani alizikwa lini.

Mabaraza mengine yakafuata katika vijiji vya jirani, na dai likapanuka kuwa kila raia awe na haki ya kupewa nakala za hesabu za serikali. Mwezi Aprili 1996 walikaa katika mji wa Beawar kwa siku 40, wakidai haki hiyo kwa amani. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: fedha ni zetu, hesabu ni yetu. Husimuliwa kuwa mwanamke mmoja wa chama hicho, mwenye masomo ya madarasa machache tu, aliulizwa mjini Delhi yampasaje yeye kujua hesabu za serikali. Akajibu kwamba akimtuma mwanawe sokoni na rupia kumi humdai hesabu akirudi, na serikali inatumia mamilioni kwa jina lake. Vipi asiidai hesabu? Hakuna mama asiyelifahamu jibu hilo.

Jimbo la Rajasthan lilipitisha sheria ya haki ya habari mwaka 2000, na India nzima ikawa na sheria yake mwaka 2005.

Ukaguzi ukawa sheria

Mwaka huo huo wa 2005 Bunge la India lilipitisha sheria ya dhamana ya ajira vijijini, ambayo baadaye ilipewa jina la Mahatma Gandhi. Kazi chini ya sheria hiyo zilianza rasmi tarehe 2 Februari 2006 katika wilaya 200, na kufikia 2008 zikawa zimeenea vijijini kote nchini. Kila nyumba ya kijijini ambayo watu wazima wake wako tayari kufanya kazi ya mikono ilidhaminiwa siku 100 za kazi ya ujira kwa mwaka. Mwombaji asipopewa kazi ndani ya siku 15, alistahiki posho ya kukosa kazi. Kazi ilitakiwa iwe ndani ya kilomita 5 kutoka kijijini, na ikizidi hapo malipo yaongezwe kwa asilimia 10. Wakandarasi walikatazwa. Angalau thuluthi moja ya wanufaika walipaswa kuwa wanawake, na palipokuwa na watoto watano au zaidi walio chini ya miaka sita, mtu mmoja aliajiriwa kuwatunza mama zao wakiwa kazini.

Lakini kipengele kinachotuhusu zaidi ni cha 17. Kiliagiza kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio utakaokagua kazi zote zilizofanywa kijijini humo, na kwamba viongozi watoe mbele yake madaftari ya mahudhurio, stakabadhi, vitabu vya vipimo na kila karatasi ihusikayo. Jambo lililoanza kwa watu wachache pale Kot Kirana likawa amri ya sheria. Kanuni zilizotolewa 2011 zikaagiza ukaguzi huo ufanywe kila baada ya miezi sita.

Wakaguzi watokao nyumba za vibarua

Jimbo la Andhra Pradesh, kusini mwa India, ndilo lililoitekeleza amri hii kwa mpangilio mzuri zaidi. Lilianza mwaka 2006, na mwaka 2009 likaunda taasisi maalumu ya ukaguzi wa jamii iliyosimama mbali na idara inayotoa kazi. Utengano huo ndio siri ya mambo yote: anayegawa fedha asiwe ndiye anayemteua wa kumkagua.

Wakaguzi wenyewe walikuwa vijana wanaojua kusoma, wengi wao wakitoka katika nyumba za hao hao vibarua. Walifundishwa kusoma daftari la mahudhurio, kupima mtaro kwa utepe na kulinganisha ujazo wake na ule ulioandikwa. Kijana hakagui kijiji chake, ili asimwonee haya mjomba wala asimlipizie kisasi jirani. Huenda nyumba hadi nyumba akiuliza: kadi yako ya kazi iko wapi, nani anaishika? Hapa umeandikwa siku 24, je, ulizifanya? Umelipwa kiasi hiki, je, kilikufika mkononi? Kisha huenda kulitazama bwawa lenyewe. Mwisho wake ni baraza la wazi, ambapo maafisa hukaa mbele ya watu, kila dai husomwa, mtuhumiwa hujibu, na uamuzi huandikwa.

Hapa pana jambo ambalo mimi, niliyelelewa katika madrasa, nililistahi sana. Mara nyingi mwanamke akisema jambo la mkubwa wa kijiji huambiwa nyamaza, hiyo ni kusengenya. Lakini kusengenya ni kumtaja mtu kwa nyuma, bila ushahidi, na bila ya yeye kuweza kujitetea. Ushahidi hutolewa mbele ya mhusika, kwa jambo ulilolishuhudia, na mhusika akapewa haki ya kujibu. Baraza la wazi huyatenga mambo haya mawili. Huwatoa watu katika minong'ono ya kisimani na kuwaingiza katika ushahidi, nako kutoa ushahidi wa haki ni wajibu. Na humlinda hata afisa mwema, kwa kuwa uvumi uliomchafua huanguka pale daftari linaposomwa na kuonekana liko sawa.

Jicho la mama

Katika kazi hizi za India wanawake wamekuwa wakifanya zaidi ya nusu ya siku zote za kazi nchini kwa miaka mingi. Kwa hiyo aibiwaye kwanza ni mwanamke, na mjuzi wa kwanza wa wizi ni yeye. Ndiye aliyekuwapo palipochimbwa. Anajua ni siku gani mvua ilinyesha na kazi ikasimama, ingawa daftari linasema watu 40 walihudhuria. Anajua kuwa bwawa lililoandikwa kuchimbwa kwa mikono lilichimbwa usiku kwa mashine, na kwamba jirani aliyelipwa siku zile alikuwa kitandani na mtoto mchanga.

Lakini ujuzi huo haufai kitu ikiwa kadi yake inakaa kwa nyapara, au malipo yake yanaingia katika hesabu ya benki isiyo yake. Ukaguzi wa jamii huanza nyumbani, kwa mama kuishika kadi yake mwenyewe na kuweka alama ukutani kwa kila siku aliyokwenda kazini, hata kama hajui kuandika. Mistari hiyo ya mkaa ni daftari la pili, na wizi husitawi pale daftari likiwa moja tu.

Je, mitambo haiwezi kufanya kazi hii? India ilijaribu. Iliagizwa kwamba vibarua wapigwe picha kwa simu mara mbili kwa siku, na picha zitumwe serikalini. Mwaka 2025 wizara yenyewe ilieleza kuwa palikuwa na udanganyifu: zilitumwa picha zisizohusu kazi, na wengine waliipiga picha picha ya zamani na kuituma kama mpya. Simu huona sura, lakini haijui ni ya nani. Jicho la jirani halijapata mbadala.

Mwizi akishajulikana

Si haki kuusifu mpango huu bila kutaja upungufu wake, nao ni mkubwa. Mtaalamu wa uchumi Farzana Afridi na mwenzake Vegard Iversen walizichunguza kumbukumbu za ukaguzi wa Andhra Pradesh. Waliona kwamba kuibua wizi kulifaulu, lakini sehemu kubwa ya fedha zilizogunduliwa kupotea hazikurudishwa, na waliokosa wengi hawakuadhibiwa ipasavyo. Tena wizi ulihama. Ulipokuwa mgumu katika ujira, kwa sababu kila kibarua anajua alichopokea, ulihamia katika saruji na mawe, kwa sababu ni vigumu kwa mwanakijiji kujua mifuko mingapi imo ndani ya ukuta.

Kwingine watu walizuiwa kwa nguvu. Mwaka 2009 huko Bhilwara, Rajasthan, ukaguzi mkubwa ulifuatwa na upinzani wa wakuu wa vijiji, waliofika hata mahakamani kuuzuia. Na katika jimbo la Jharkhand, mwezi Mei 2008, mwanaharakati Lalit Mehta aliuawa siku chache kabla ya ukaguzi aliousaidia kuupanga. Anayedhani kusoma daftari ni jambo jepesi na ayakumbuke haya. Wakubwa hawaiogopi hotuba, wala hawaiogopi laana. Wanaogopa orodha ya majina ikisomwa mbele ya wenye majina.

Funzo ni hili: baraza likimalizika kwa makofi bila ya fedha kurudi, watu hawatahudhuria la pili. Ushahidi bila hukumu humchosha shahidi.

Upepo uliofika Changamwe

Mambo haya hayakubaki India. Mwaka 2007 shirika la MUHURI la Mombasa liliwafundisha wananchi wa eneo bunge la Changamwe kukagua miradi ya hazina ya maeneo bunge, ile tuijuayo kama CDF, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Kati ya waliokuja kusaidia ni Sowmya Kidambi, aliyetokea katika chama kile cha Rajasthan. Wananchi wa kawaida wakasoma karatasi za miradi, wakaenda kuitazama, kisha wakaitisha baraza la wazi. Wakati ule Kenya haikuwa na sheria ya kumpa raia haki ya habari, na karatasi zilipatikana kwa kubembeleza.

Leo hali si ile. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa 2016. Kina mama na waijue vizuri. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema ombi lake kwa mdomo, na afisa anapaswa kumsaidia kuliandika. Kuomba hakuna ada, isipokuwa gharama ya kiasi ya kutoa nakala. Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na akikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mipango ya kazi za umma kwetu haikukosekana. Mwaka 2009 ilianzishwa Kazi kwa Vijana, na mwaka 2011 Benki ya Dunia ikaziondoa fedha zake katika mpango huo kwa sababu ya namna zilivyotumika. Katika sehemu kavu za Kilifi, Kwale na Tana River watu wamezijua kazi za kulipwa chakula au pesa nyakati za ukame. Nyingine zitakuja, kwani ukame haujatuaga.

Maswali matano ya kila nyumba

Zikija, nashauri kila nyumba iwe na maswali matano. La kwanza, orodha ya walioandikwa imebandikwa wapi, na je, yaweza kusomwa msikitini na sokoni kwa wasiojua kusoma? Huko Rajasthan majina, siku na malipo yalichorwa kwa rangi kwenye kuta za ofisi za vijiji, na ukuta hauwezi kufungiwa kabatini. La pili, nani anapima kazi, na je, hupima mbele ya waliofanya? La tatu, malipo yanapita kwa nani kabla ya kumfikia mwenyewe, na kwa simu ya nani? La nne, vifaa vilivyonunuliwa ni vingapi, kwa bei gani, na stakabadhi ziko wapi? La tano, siku ya baraza ni lini, na aliyeonekana kukosa atarudisha kwa nani na kufikia lini?

Kina mama wasiende kuuliza mmoja mmoja, kwani mmoja hutishika na wengi hawatishiki kwa urahisi. Chama cha kuwekeza pesa, darasa la kina mama, kikundi cha harusi na mazishi, vyote hivi tayari ni jamaa zilizozoea kuaminiana na kuhesabiana hadi senti ya mwisho. Wateue wawili wanaojua kusoma, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika, na wazee wa mtaa wawasindikize. Vijana wetu waliomaliza shule na kukaa barazani bila kazi wanaweza kufundishwa kupima mtaro kwa utepe katika siku moja.

Kadhi hahukumu bila ya mashahidi, na deni halidaiwi bila ya maandishi au ushuhuda. Haya tumeyarithi, nasi huyafuata katika kuuziana shamba na katika kuozesha. Basi tuyafuate pia katika ujira wa maskini, ambao ni amana nzito kuliko shamba. Kibarua akilipwa pungufu leo, usiku huu huu kuna mtoto atakayelala na njaa.